Dakika Kumi na Moja za Oktoba

Araceli aliniambia anaolewa huku akitafuna jeringo. Hakusubiri hata ameze. Ilikuwa Jumanne asubuhi, tumesimama kwenye kaunta ya mgahawa wa kando ya soko, kila mmoja na kahawa yake ya maziwa, tunapanga kazi za wiki. Akalichovya lile andazi refu kikombeni, akalitia mdomoni, akasema:

"Jumapili hii naolewa. Picha utapiga wewe."

Nikacheka. Araceli ana miaka arobaini na mitatu na kazi yake ni kuozesha watu kimyakimya. Wawili wakitaka kuoana bila mama, bila shangazi, bila binamu mia tatu wa kulishwa, humwandikia yeye. Yeye huwatafutia ua mzuri, shada, chumba cha kuvalia na mtu wa kuwasomea maneno mawili matatu. Mimi huwapiga picha. Huu ni mwaka wa kumi tunafanya hivyo hapa Córdoba. Tumeozesha Wadenmaki na Wakorea, wajane na wajane wenzao, hata wawili walioikimbia harusi yao wenyewe kule Madrid siku mbili kabla ya karamu. Kwa hiyo nilidhani ananitania.

"Na nani?"

"Na Leandro. Fundi wa viyoyozi."

"Yule aliyekuja Julai kukutengenezea mashine yako?"

"Huyo huyo. Mashine haijapona mpaka leo, ila mimi nimepona."

Mwenye mgahawa akaangua kicheko nyuma ya kaunta. Mimi nikahesabu kwa vidole. Julai mpaka Oktoba ni miezi mitatu. Mimi na Acisclo tuna miaka tisa chini ya paa moja, na tarehe hatujaipata.

Si kwamba hatujaitafuta. Acisclo hupiga tarumbeta kwenye bendi ya Wiki Takatifu, na mazoezi ya kila siku huanza Januari. Kwaresima haifai harusi. Pasaka ikiisha inaingia Mei, na Mei mji mzima ni maua na wageni, mimi nashinda kutwa na kamera shingoni. Juni hadi Septemba joto la hapa huyeyusha hata nia ya mtu. Novemba ni mwezi wa marehemu, mama yake hataki kusikia. Desemba kila mtu yuko mezani anakula. Inabaki Oktoba, na kila Oktoba Acisclo hunibusu kichwani na kusema, "Oktoba ijayo, roho yangu, tukijaliwa."

Nami nilikuwa nimeshaiandalia hiyo Oktoba ijayo mahali pake.

Mpigapicha wa mji huu anaishi kwa kuta na saa. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta zimepakwa chokaa, na jua haliingii ila kwa kuvizia. Ukijua linaingia wapi na dakika gani, ule ukuta mweupe wa upande wa pili unakuwa taa yako, na nyuso za watu zinalainika kama siagi. Usipojua, utapiga watu wenye vivuli kama masharubu chini ya pua. Ninalo daftari. Nimeandika humo kona mia na kitu, kila moja na wiki yake na dakika zake, na sijawahi kumwazima mtu. Wapigapicha wenzangu wananiita bahili. Waniite.

Kona iliyo bora kuliko zote sikuiandika. Iko kwenye ua wa Bi Visitación, mtaa wa San Basilio, pale ngazi ya mawe inapopanda kwenda ghorofani. Kwa siku kumi tu za mwisho wa Oktoba, jua hupenya kati ya mnara wa kengele na bomba la moshi la jirani, likagonga ukuta wa chokaa, likarudi taratibu juu ya ngazi. Linaanza saa tano na dakika tisa asubuhi na linakwisha saa tano na dakika ishirini. Dakika kumi na moja. Mtu akisimama pale, hata kama amegombana na dunia nzima, huonekana kama amesamehewa. Sikumpeleka mteja pale hata mmoja. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, miaka mitatu iliyopita, nikamwambia: hapa nimejiwekea mimi.

"Ndoa mtafungia wapi?" nilimuuliza Araceli, na nilijua kabla hajajibu, kwa sababu aliitazama kahawa.

"Kwa Bi Visi. Pale kwenye ngazi. Saa tano na dakika tisa, kama ulivyonionyesha."

"Pale ni pangu."

"Palikuwa pako." Akaniangalia sasa. "Shoga yangu, nuru si shuka za harusi, haikunjwi ikawekwa kabatini. Utakaa nayo mpaka lini? Ikuozee mkononi?"

"Nilijiwekea, Araceli."

"Miaka mitatu umejiwekea! Acisclo bado anahesabu misiba na karamu. Mimi sina miaka ya kuhesabu. Nilishaolewa mara moja mbele ya watu mia nne na kumi na wawili, ndoa ikadumu miezi kumi na tisa, na mama mpaka leo analia, halilii ndoa, anawalilia wale kamba wa bahari waliobaki. Safari hii nataka watu wanne na jua. Jua zuri kuliko yote mjini. Nani mwingine ningemwomba?"

Alisema kwa upendo, na huo upendo ndio ulionichoma zaidi. Mtu akikuibia kwa chuki unajua pa kumpiga.

"Na kwa nini Jumapili?"

"Kaka zangu wote wanne wako shambani wanatandika nyavu za mavuno chini ya mizeituni. Wiki ijayo wanarudi mjini, na wakirudi hakuna siri."

Jumapili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hapo ndipo wazo lilipoingia, wazi kabisa, kama mtu amefungua dirisha kichwani mwangu.

Usiku wa kuamkia Jumapili ile saa zote zingerudishwa nyuma kwa saa nzima, kama kila mwaka. Serikali huturudishia saa moja iliyotunyang'anya Machi. Lakini jua halisomi matangazo ya serikali. Lingefika kwenye ngazi ya Bi Visi wakati wake ule ule, na saa ya ukutani ingekuwa inasoma saa nne na dakika tisa. Kufikia saa nne na dakika ishirini mchezo ungekuwa umekwisha. Araceli angeingia saa tano na gauni lake, amenyooka, amepambwa, akute ua wenye kivuli cha kawaida, ngazi ya kawaida, na picha za kawaida.

Kwa wateja hasahau kamwe. Kila Oktoba huwaandikia kwa herufi kubwa: ANGALIENI SAA. Kwa harusi yake mwenyewe amesahau. Kinyozi hajinyoi.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikatia jeringo, nikatafuna.

"Basi?" akauliza.

"Saa tano na dakika tisa," nikasema. "Nitakuwepo."

*

Jumatano alinipeleka kuangalia gauni. Ningekuwa mtu mwema ningesema alikuwa mzuri nikaishia hapo. Gauni lilikuwa na rangi ya mafuta ya zeituni mapya, limekatwa chini kidogo ya goti, mikono mirefu, halina hata ua moja wala lulu. Alitoka nyuma ya pazia akageuka mara moja tu, na mimi, niliyeona mabibi harusi mia tatu, nikaona wivu mpaka kwenye kucha. Nilikuwa nimelifikiria gauni kama lile. Sikuwahi kumwambia mtu. Ina maana kuna mawazo yanayotembea mjini peke yake na kuingia kwa anayewahi.

"Linanibana mgongoni?" akauliza.

"Kidogo," nikasema. Halikumbana.

Alhamisi nikala nao chakula cha mchana ili nimjue bwana. Leandro ni mfupi, ana masikio makubwa na mikono yenye makovu madogo ya mabati. Alikula salmorejo yake, ile supu nzito ya nyanya, mpaka kijiko cha mwisho kabisa, akapangusa bakuli kwa mkate, akaomba radhi kwa kupangusa bakuli. Sikuona kitu. Nilijiambia, huyu ndiye? Huyu ndiye anapewa ngazi yangu?

Kisha Araceli akaanza kusimulia jambo, lile la bibi harusi wa Oslo aliyeogopa bata, ambalo nimelisikia mara arobaini, nami nikamwona Leandro ameinamisha kichwa upande, ametulia tuli, anamsikiliza kama fundi anavyosikiliza mashine iliyoanza tena kufanya kazi. Aliyasikiliza mpaka maneno madogo. Alicheka kabla ya mwisho, kwa sababu aliona mwisho unakuja usoni mwa Araceli.

Nikasema nina miadi, nikaondoka bila kumaliza nyama.

Ijumaa ilikuwa siku ya karatasi. Kwetu mtu anaweza kuozeshwa na yule afisa anayethibitisha wosia na mikataba ya nyumba, alimradi ana mashahidi wawili. Mashahidi tulikuwa mimi na Bi Visi mwenyewe, mwenye ua, ambaye ana miaka sabini na minane na alikuja amevaa koti la manyoya ingawa nje watu walikuwa na mashati ya mikono mifupi.

"Bi Visi, hutokwi jasho?" nikamnong'oneza.

"Natokwa. Lakini koti hili mara ya mwisho lilitoka kwa mazishi. Nimelihurumia."

Afisa akawauliza wanayoulizwa watu. Leandro alitia sahihi ulimi ukiwa nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Araceli alitia sahihi haraka. Mimi nikatia sahihi yangu chini yao: shahidi. Kalamu ilikuwa nzito. Nilishuhudia kwa mkono wa kulia jambo nililokuwa naliharibu kwa kunyamaza, na siku zilikuwa zimefika nne. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia. Kila asubuhi nilikuta sababu ya kesho. Sasa nilijua Acisclo anaishi vipi.

Jumamosi baada ya chakula nilimkuta Acisclo sebuleni anasafisha tarumbeta kwa kitambaa. Nikamwambia habari yote ya Araceli, isipokuwa ile ya saa.

"Safi sana," akasema. "Watu wazima. Ila haraka ya nini?"

"Miezi mitatu."

"Ndiyo nasema. Haraka ya nini?"

Nikakaa karibu naye. "Acisclo. Nikikwambia kesho saa nne asubuhi twende kwa Bi Visi, mimi na wewe tu. Tusimame pale kwenye ngazi. Sina maana ya padri wala karatasi. Tusimame tu, nipige picha yetu. Utakuja?"

Ndiyo, nilitaka kumwibia. Nilitaka zile dakika kumi na moja ziwe zangu, nizitumie zote, kisha Araceli aje saa tano akute makombo. Nilipanga kila kitu kichwani, mpaka shati atakalovaa.

Acisclo akaitazama tarumbeta kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama ya kidole, akaifuta.

"Kesho? Kesho tuna mazoezi saa tano, roho yangu. Na usisahau leo tunarudishiwa saa moja. Nataka nilale nayo yote."

Akanibusu kichwani.

*

Jumapili nilifika kwa Bi Visi saa tatu na nusu, peke yangu. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa uani na mwanzi wake mrefu wenye kikopo nchani, anainua maji mpaka vyungu vya juu kabisa, vile vilivyotundikwa karibu na paa. Maji yalichuruzika ukutani yakaacha mistari ya kijivu kwenye chokaa.

"Umewahi," akasema bila kugeuka.

"Kuandaa."

"Kuandaa nini? Ngazi haijahama."

Nikatega kamera kwenye miguu yake mitatu, nikapima, nikapima tena. Saa nne kasorobo. Saa nne. Ua ulikuwa na ubaridi na ukimya wa majani mabichi. Nilikuwa na simu mfukoni, na Araceli alikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, kwenye chumba tunachowavalishia wateja. Nilijua wakati ule anakunywa kahawa na kuogopa kumwagia gauni.

Saa nne na dakika tisa, nuru ikaja.

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Nimeishi na nuru miaka ishirini na bado sina neno lake. Kwanza ukuta wa chokaa ulipata joto, kama shavu. Kisha ngazi, jiwe baada ya jiwe, kuanzia juu. Nikabonyeza kamera ihesabu sekunde kumi, nikaenda nikasimama kwenye jiwe la tatu, na suruali yangu ya kazi na mikono ya shati niliyoikunja. Nikainua uso. Kamera ikapiga. Nikarudi, nikabonyeza tena, nikaenda tena. Nilikuwa kama mtu anayekula chakula cha wengine jikoni gizani, anasikia hatua.

"Mwanangu," akasema Bi Visi. Alikuwa ameshusha mwanzi. "Unajipiga mwenyewe?"

"Najaribu nuru."

"Nuru gani unayoijaribu kwa kuiinulia uso hivyo? Unatabasamu kama sanamu ya Bikira Maria." Akaangalia ngazi, akaangalia juu kwenye mnara, akaniangalia. Huyu mama ameishi na ua ule tangu azaliwe. "Bibi harusi anakuja saa ngapi?"

"Saa tano."

"Saa tano ya jana au ya leo?"

Nikaipangusa lenzi, ingawa ilikuwa safi.

"Ahaa," akasema. Akainua mwanzi wake akaendelea kumwagilia, lakini kikopo kilikuwa kitupu, alikuwa anamwagilia hewa.

Nikaenda kutazama kile nilichopiga. Nilikuwa mzuri, naomba niruhusiwe kulisema. Nuru ilinifanyia kila nilichokuwa nikikisubiri. Lakini picha yenyewe ilikuwa imekaa upande. Kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri, nilikuwa nimesimama kushoto na kuacha nafasi ya mtu wa pili kulia kwangu. Nafasi ile ilikuwa inang'aa, jiwe tupu na ukuta mtupu, na nikajaribu kumtia Acisclo pale. Nilijaribu kwa bidii. Nikamvalisha lile shati. Nikampa tarumbeta hata. Kila nilipomweka alikuwa anatazama mahali pengine, anafuta kitu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja mwenyewe kwenye ile nafasi, bila kuitwa, kichwa ameinamisha upande, masikio makubwa, anasikiliza. Na hakuwa ananisikiliza mimi.

Saa nne na dakika kumi na tatu nikapiga simu.

"Njoo sasa hivi," nikasema.

"Nani amekufa?"

"Saa zimerudi nyuma. Nuru iko hapa, inaondoka. Kimbia, Araceli!"

Nikasikia kikombe kinavunjika, kisha sauti yake mbali na simu, "Leandro! Viatu!" Kisha mlango.

Nilitoka nje kichochoroni kuwatazama. Walikuja wanateleza kwenye mawe, yeye mbele, nywele nusu zimebanwa nusu zinapepea, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Leandro nyuma, tai imening'inia, ameshika shada kichwa chini kama kuku anayepelekwa sokoni. Watalii wawili wakawapisha ukutani, wakabaki na chokaa mgongoni.

"Wapi? Wapi?" Araceli anahema.

"Jiwe la tatu. Wewe kulia. Leandro, panda. Usiniangalie mimi."

"Nimwangalie nani?"

"Mwangalie mkeo, baba!" Bi Visi akapaza sauti. "Au umesahau yupi?"

Zilibaki dakika tatu. Kivuli kilikuwa kimeanza kushuka kutoka juu ya ngazi, kimefika jiwe la saba, la sita. Huwa nawaambia watu kidevu chini, bega mbele. Safari hii nilinyamaza. Araceli alikuwa anahema na kucheka na kujaribu kuvaa kiatu, akamshika Leandro begani asianguke, na yule fundi akapiga magoti, akamvalisha kiatu taratibu, kama mtu aliye na siku nzima. Alipoinuka walikuwa karibu sana. Alimwambia kitu. Sikukisikia na sikutaka. Nilipiga, nikapiga, wivu ukinipanda mpaka machoni, na kila nilivyozidi kuona wivu ndivyo nilivyozidi kuona vizuri: kidole cha Leandro shingoni mwa Araceli, uzi uliochomoka kwenye pindo, nywele moja iliyoshika nuru peke yake.

Kisha kivuli kikawapita usoni, kikamaliza ngazi, na ua ukawa ua.

*

Viapo walisomeana kivulini, karibu na kisima. Araceli alisoma karatasi mbili. Leandro alisema, "Mimi sijui kuandika. Lakini ukiniita nitakuja," na Bi Visi akalia kwa sauti kubwa ndani ya koti lake la manyoya. Nilipiga hizo pia. Ni picha za kawaida.

Baadaye Leandro alikwenda na Bi Visi jikoni kufungua chupa ya mvinyo wa Montilla. Araceli akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akanyoosha mkono.

"Lete nione."

Nikampa kamera. Ningeweza kusema betri imekwisha. Nilimpa.

Alianza mwisho, akawa anarudi nyuma. Alipofika kwenye ile ya kiatu kidole kikasimama. "Shoga," akasema. "Hii. Hii hapa." Akaitazama muda mrefu. Kisha kidole chake kikaendelea kurudi nyuma, na nikajua kinakoelekea, na sikukizuia.

Akanikuta pale. Mimi, jiwe la tatu, uso juu. Pembeni chini dakika zimeandikwa.

"Saa nne na dakika kumi," akasoma. Akabonyeza. "Saa nne na dakika kumi na moja. Na kumi na mbili." Akainua macho. "Ulinipigia saa nne na kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Tangu kwenye kaunta."

Jikoni Bi Visi alikuwa anamgombeza Leandro kwa namna anavyoshika kizibuo. Araceli aliiweka kamera magotini. Uso wake ulikuwa umetulia, na namjua: akitulia hivyo wateja hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

"Siku tano," akasema. "Ulitia sahihi kwa afisa ukijua. Uliniambia gauni linanibana. Linanibana?"

"Halikubani."

"Mchawi wee. Nimelala njaa siku tatu ili nipungue." Akairudia picha yangu. "Una sura ya mtu anayeiba."

"Nilikuwa naiba."

"Na ulipendeza, Mungu akulaani." Akafuta jicho kwa kiganja, kwa hasira. "Mimi nami niliiba. Nilijua ni pako. Nilijiambia hutajali, na nilijua utajali, na nilitaka hivyo hivyo. Kila Mei uliniletea Acisclo kwenye meza yangu, Acisclo hivi, Acisclo vile, mimi narudi nyumbani kwa kiyoyozi kibovu. Miaka yote hiyo nilikuonea wivu kwa ajili ya mpiga tarumbeta." Akacheka, kicheko kibaya. "Mpiga tarumbeta!"

"Usimseme."

"Simsemi. Basi nimekuambia."

Nilitaka aniambie tumelingana, amechukua, nimechukua, yaishe. Hakuniambia, kwa sababu hatukulingana. Yeye alichukua mbele ya macho yangu, akiniangalia. Mimi nilinyamaza.

"Hizi za kwangu nazitaka zote," akasema. "Mpaka zilizoharibika. Hiyo yako itundike au ifute, lakini mimi usinionyeshe tena."

"Sawa."

"Na Jumanne, kwenye harusi ya wale wateja wa Denmark, usije. Nitamwita Jacinto."

"Jacinto? Jacinto anapiga watu kama wa vitambulisho!"

"Najua. Nitaumia kuziangalia. Wewe utaumia zaidi."

Alikuwa sahihi. Nilishaanza kuumia. Wale wa Denmark walikuwa wamechagua kona ya kiwanda cha ngozi, saa kumi na nusu jioni, na Jacinto angewageuza waelekee jua, wangekunja macho kama watu wenye kiungulia.

"Na harusi ya Alhamisi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Araceli akainuka, akashika viatu vyake mkononi, akanirudishia kamera. Leandro alitoka jikoni na glasi nne kwenye trei ya bati, anatembea polepole asimwage, na aliponifikia mimi kwanza akasema, "Asante, shemeji. Araceli aliniambia tukikimbia kuja hapa, usingeona saa tungekosa kila kitu."

Nilimtazama Araceli. Alikuwa amenipa mgongo, anapanda ngazi kwenda kubana upya nywele zake, na mgongo ule haukuninyima wala haukunipa kitu.

"Karibu, shemeji," nikasema, nikachukua glasi.